Kwa Nini Picha ya Nyeusi na Nyeupe Inang'aa Mabaka, na Tunavyoitibu

Picha ukiishika ikutazame usoni, ni safi: weusi umekolea, nyuso zimetoka. Ipeleke dirishani uilaze kidogo, na buibui la bibi harusi linageuka rangi ya shaba. Kanzu ya bwana harusi nayo, pale ilipopigwa na jua, inaonekana kama tundu lililokatwa kwenye karatasi. Wateja wengi wakiona hivyo hudhani wino ni feki au kichwa cha printa kimeziba. Sivyo. Picha haina kasoro, ila wino na karatasi havirudishi mwanga kwa namna moja.

Wino wa pigimenti ni chembe ndogo sana za rangi, na kwenye karatasi ya glosi (yenye kung'aa) au lasta (yenye mng'ao wa wastani) chembe hizo hazizami. Zinabaki juu na kutengeneza ngozi yao. Penye giza wino umelundikana, penye kijivu umetapakaa, na penye weupe kabisa printa haikudondosha hata tone moja. Mwanga ukiingia kwa pembeni, kila sehemu inaurudisha kivyake. Picha ya rangi ina tatizo hilohilo, lakini rangi zenyewe hulishughulisha jicho. Kwenye nyeusi na nyeupe hakuna pa kujificha.

Wino wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyushwa, kama ule wa Epson L1800, huzama ndani ya karatasi, kwa hiyo mng'ao hubaki karibu sawa kila mahali. Shida yake ni nyingine: kijivu chake huchanganywa kutokana na wino wa rangi, na mara nyingi huelekea ukijani au uwaridi. Halafu hupauka upesi zaidi kwenye mwanga. Kwa picha ya kutundika miaka, tunashauri pigimenti, na mng'ao tuushughulikie.

Tiba ya kwanza haina gharama. Kabla ya kuchapa, shusha weupe wa juu kabisa kutoka 255 hadi 250 hivi (kwenye programu ya picha, 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe pe), ili printa itandaze walau vitone vichache hata kwenye kanzu. Jicho halitambui kwamba weupe umepungua, ila lile tundu linafifia. Kwenye printa za Epson zenye modi ya Advanced Black & White, chaguo la Highlight Point Shift hufanya kazi hiyo. Pembezo nyeupe inayozunguka picha itabaki bila wino, na hiyo si neno, maana ni fremu yake.

Ya pili ni printa yenye wino wa kung'arisha usio na rangi. Canon PRO-1000 na PRO-300 huuita Chroma Optimizer, na Epson R2000 na P400 huuita Gloss Optimizer. Hapa ndipo kosa hutokea mara nyingi: mipangilio ikiachwa kwenye otomatiki, Canon inaweza kuupaka penye picha tu na kuacha pembezo wazi. Chagua ipake ukurasa mzima. Rangi ya shaba hupungua sana, kwa sababu mwanga sasa unagonga tabaka moja badala ya kugonga wino wenyewe.

Kama printa haina wino huo, inabaki vanishi ya kupuliza, na hapo subira ndiyo kazi. Picha ikae saa 24 kwanza, ifunikwe karatasi ya kawaida ya kunyonya, nayo ibadilishwe ikianza kujikunja. Wino bado unatoa mvuke wa glikoli. Ukiuzibia chini ya vanishi, au ukiwahi kufunga fremu, utaona ukungu ndani ya kioo.

Futa vumbi kwa brashi laini, tikisa kopo dakika 2, shika sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye picha. Anza kupuliza nje ya ukingo, pita moja kwa moja, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Ukianza na kumalizia juu ya picha, unaacha matone. Piga makoti 3 mepesi, ukipumzika dakika 10 hadi 15, na baada ya kila koti geuza picha robo mzunguko. Ukisogea mno vanishi inachuruzika; ukiwa mbali mno inakauka hewani na kutua kama vumbi, picha inakuwa na mkwaruzo wa msasa.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu. Hewa ikiwa nzito, koti linaganda na ukungu mweupe kama maziwa, na weusi wote unakuwa kijivu. Tunapuliza saa saba hadi saa tisa mchana, hewa ikiwa kavu kuliko asubuhi, na siku za mvua ya masika hatupulizi kabisa. Vanishi inashika moto na mvuke wake ni mkali: mbali na jiko, mahali penye upepo wa kutosha, na barakoa yenye kichujio cha kemikali. Ya kitambaa haizuii mvuke huo.

Leminesheni ya plastiki inasawazisha mng'ao kabisa, lakini plastiki ya mati (isiyong'aa) hupausha weusi, na weusi ndio roho ya picha hizi. Hatuipendekezi.

Ukiwa huutaki mng'ao tangu mwanzo, kuna karatasi ya mati. Haitoi shaba wala tundu, ila weusi wake ni mfupi: kipimo cha ukolezi (namba ikipanda, weusi umekolea zaidi) hufika 1.6 au 1.7, wakati karatasi nzuri ya barita, ile yenye mng'ao mpole na tabaka la madini ya bariamu, hufika takriban 2.3. Picha ya ukungu wa alfajiri inapendeza kwenye mati. Buibui lenye mikunjo linataka barita. Wino mweusi wa mati usiwekwe kwenye glosi, kwani haushiki na hufutika kwa kidole.

Na kama picha inaingia kwenye fremu ya kioo, usilipie vanishi. Nyuma ya kioo, ikitazamwa kwa mbele, tofauti hizo hazionekani kwa urahisi. Ukituletea kazi tuambie kwanza itakaa wapi: ukutani chini ya kioo, ukutani bila kioo, au kwenye albamu ya kupitishwa mkono kwa mkono.