Ule mtungi wa mzee

Kaka, habari za siku, hapo Dar mnaendeleaje na joto? Huku Moro mvua imeshika, milima hatujaiona siku ya tatu leo. Mama mzima, nampitia kila Ijumaa, anakusalimu na anasema hupigi simu. Na mi mwenyewe najua nimekaa kimya tangu arobaini, usinifikirie vibaya, kuna kitu nimekuwa naogopa kukwambia afu kila nikishika simu naghairi. Bora niandike.

Kompresa ya mzee, ile mashine ya upepo, imetoboka.

Sio kichwa cha kusukuma upepo, kile kichwa kitatuzika wote. Mtungi. Juzi nimejaza upepo matairi ya bajaji ya mama Zai, nikazima, geji ipo bar 6, natoka kuoga nakuta ipo 3. Nikasema koki hiyo. Nikakoroga sabuni ya unga nikapaka kila kiungio, hamna kitu. Ikabidi nilale chini na tochi ya simu. Unapakumbuka pale tumboni karibu na mguu wa nyuma, mzee alikuwa anapapaka rangi kila Idi? Ndo hapo. Kapovu kamoja kadogo kama jicho la dagaa, kanavimba, kanapasuka, kanakuja kengine. Tundu lenyewe hata sindano haipiti.

Nikafungua koki ya chini, yakatoka maji rangi ya chai ya mkandaa, kopo la rangi la lita nne likafika karibu nusu. Kaka, mzee alikuwa anamwaga yale maji kila jioni kabla ya magharibi na sisi tunamcheka eti anaikojolesha kompresa. Mi tangu nimeichukua nimefungua mara mbili tu, tena mara ya pili ndo hiyo. Upepo ukibanwa unaacha maji, na unyevu wa huku unaujua, yanakaa pale chini yanakula chuma usiku na mchana. Basi lawama zangu, nimeshazibeba.

Sasa fundi wa pale kona, yule yule, anasema lete nichomelee, elfu kumi, dakika tano. Huyu ndo aliyekaza springi ya swichi inayozima mota wakati sipo ili ipande mpaka 10 badala ya kukata kwenye 8, eti upepo ulikuwa mvivu. Nimeirudisha. Lakini hilo la kuchomelea ndo linaninyima usingizi, maana kutu haitoboi sehemu moja ikaacha jirani, pale chini pote patakuwa pamebaki kama karatasi, unaziba hapa kesho panafumuka pale, na ukipasuka una upepo ndani hilo ni bomu na watoto wanacheza pale pale. Angekuwa anataka kuupima kweli angeujaza maji mpaka juu afu asukume kwa pampu ya mkono, maji hayabanwi, ukishindwa utavuja tu. Nilivyomwambia akacheka, akaniita injinia.

Halafu kuna kingine, asubuhi umeme ukiwa mdogo mota inavuma tu mmmm haizunguki mpaka nitoe upepo wote. Nilidhani kapasita, nikabadilisha, hela imeenda bure. Kumbe ni ile valvu ya pale bomba linapoingia kwenye mtungi, haizuii tena, upepo unarudi mpaka juu ya pistoni, mota inaanza na mzigo kichwani. Ile pssss ya ikizima inatakiwa iwe fupi, si ndio? Yangu inaendelea mpaka naenda kulala. Hiyo valvu naomba unitafutie kwenye maduka ya Gerezani hapo Dar, ya zamani nakutumia kwa basi kesho ulinganishe nyuzi, usikubali wakwambie zote sawa. Na lita moja ya oili ya kompresa yenyewe, sio ya pikipiki.

Ila mtungi nao... Mi naona tuutoe. Kichwa na mota nihamishie kwenye mtungi mwingine. Sijaamua maana sio wangu, mama kasema chukua lakini wa kuulizwa ni wewe. Na ubavuni kuna zile tarehe zake za kubadili oili alizokuwa anachora kwa msumari, ya kwanza 2009, ya mwisho ni mwaka jana mwezi wa nane, mkono ulikuwa unatetemeka, 8 yake kama mayai mawili yamegongana. Wanunua chuma chakavu wanapita kila Jumatatu, siwezi kuwapa hivi hivi.

Sasa niambie, nikate kile kipande nikuwekee? Au nisiuguse mpaka uje? Na unakuja lini, Idi au ndo mpaka shule zifunge? Mtungi wa lita 100 wa mtumba hapo unapata kwa shingapi, na utaujuaje ndani haujaliwa? Shemeji kashajifungua? Na ile elfu thelathini yangu umeisahau au unajifanya?

Nijibu kabla ya Jumamosi, fundi kasema anakuja na mashine yake mwenyewe na mi nitakuwa shamba.