Barua ya kufunga muhula wa kwanza: malezi ya utaifa kwa watoto wetu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MALEZI YA UTAIFA KWA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Tunafunga muhula salama, na taarifa ya maendeleo ya mtoto wako imeambatishwa. Maswali kuhusu alama yaelekezwe kwa mwalimu wa darasa. Mimi naomba nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo halina alama katika taarifa hiyo.

Mwezi Aprili, tulipokuwa tukijiandaa kwa Siku ya Muungano, mwalimu wa darasa la tano aliwataka wanafunzi wachore bendera ya Taifa bila kuitazama. Nilipopitia madaftari yao nilikuta wengi wameweka buluu juu na kijani chini, na baadhi wamesahau kabisa michirizi miwili ya njano inayopakana na mstari mweusi, ingawa bendera hiyo wanaiona ikipandishwa tangu darasa la kwanza. Sikuwalaumu, kwa kuwa sisi walimu tuliwafundisha kusimama wima mbele yake kabla ya kuwafundisha kuisoma. Kesho yake mwalimu alichora ubaoni bendera tatu: ya Tanganyika ya mwaka 1961, yenye kijani, njano na nyeusi, ya Zanzibar ya mwaka 1964, yenye buluu, nyeusi na kijani, kisha ya Jamhuri ya Muungano, iliyotokana na hizo mbili. Tarehe 26 Aprili 1964 walikuwa wameikariri siku nyingi, lakini ndipo mmoja wao alipouliza kwa nini nyeusi imo katika bendera zote. Kabla mwalimu hajafungua kinywa, mwenzake wa dawati la nyuma alijibu, "Nyeusi ni sisi."

Jambo la pili ni zito zaidi. Muhula huu tulipokea mwanafunzi aliyehamia kutoka mkoa mwingine, na kila aliposoma kwa sauti wenzake waliicheka lafudhi yake, hadi akaacha kunyoosha mkono darasani. Wahusika walipoitwa ofisini walijitetea kwamba ulikuwa utani tu wa makabila. Utani naujua na nauheshimu, maana ni miongoni mwa mambo yaliyowawezesha watu wa makabila zaidi ya 120 kuishi pamoja na hata kuzikana. Lakini utani una pande mbili, na kila upande una zamu yake ya kucheka. Mtoto huyu hakuwa na zamu.

Wakati huohuo, katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, darasa lao lilikuwa limefika kwenye Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambapo Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, wasiokuwa na lugha moja ya mama wala mtawala mmoja, waliinuka dhidi ya Wajerumani. Mwalimu aliwauliza wanafunzi watu hao wangefika wapi kama kila mmoja angekaa kuicheka lafudhi ya mwenzake. Sidai kwamba kipindi kimoja kilimaliza tatizo, ila mwanafunzi huyo ameanza tena kunyoosha mkono.

Nasema kwa heshima zote kwamba baadhi ya maneno ya dharau tuliyoyasikia, watoto hawakuyaokota shuleni. Kwa hiyo naomba wakati wa likizo kila mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba aketi na mzee mmoja, amuulize alisoma wapi au kwa nini hakusoma, nyumbani kwao walizungumza lugha gani, na ni lini aliishi kwa mara ya kwanza na watu wa kabila lingine. Majibu ayaandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, na maneno ya kilugha ayaache yalivyotamkwa, kwani kujua kilugha cha bibi yake hakumpunguzii mtoto Utanzania wake. Asiye na babu wala bibi karibu anaweza kumhoji jirani. Kazi hii haitasahihishwa kwa alama. Itasomwa mbele ya darasa katika wiki ya kwanza ya muhula wa pili, na mzazi atakayependa kuja kusikiliza anakaribishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu