YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKATAJI WA MWEMBE ULIOOZA NA DHARAU ALIYOFANYIWA MAMA YANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Taratibu zenu mnazijua, mmezichapa nyuma ya karatasi ya makadirio, kwa hiyo sitakusomea.

Naanza na hili. Gogo likiwa bado limelala juu ya jiko la mama yangu, mabati yamekunjamana, vumbi halijatua, msimamizi wenu alimfuata mama barazani alikokaa akitetemeka, akamwambia: "Bibi, malizia hela kwanza, ndipo tuliondoe." Shikamoo hakutoa, pole hakutoa. Mama yangu ameshapita miaka sabini, Ndugu Meneja.

Mti ule mkaguzi wenu mwenyewe aliupima. Aligonga shina kwa nyundo likalia kama ngoma, akanionyesha uyoga mgumu ulioota penye mizizi na njia za mchwa zilizopanda hadi kwenye panda. Akaandika kwa mkono wake: ndani mtupu, mpandaji asijifunge kwenye shina, lijengwe jukwaa linalojitegemea, vipande viwe vidogo na vishushwe taratibu. Alikuwa sahihi kabisa. Ua wetu hapa Ngamiani mliuona: nyumba huku, ukuta wa jirani kule, waya wa umeme juu, na uchochoro ambao toroli linapita kwa shida, sembuse winchi. Pa kuuangusha mti mzima hapapo. Na hata pangekuwepo, mkataji huacha ubao mwembamba usiokatwa ili uuongoze mti unakoangukia; kwenye shina lililooza ubao huo hukatika tu, mti ukaenda unakotaka.

Jukwaa lilikuwemo kwenye bei. Nusu ya bei hiyo mmeshaipokea.

Siku ya kazi haukuja hata mrunda mmoja. Walikuja vijana, chenso moja na kamba ya mkonge. Tanga mkonge tunaujua, tumeulima sisi. Kamba chakavu kama ile hufungii hata mbuzi mkorofi. Nilipouliza kama umeme umezimwa, nikajibiwa waya "hauna shida". Kofia ngumu niliiona moja, nayo kaivaa msimamizi, aliyekuwa chini.

Naomba nirudi pale pale, maana halijanitoka. Kijana wenu alikuwa juu, kandambili miguuni, mkanda kaufunga kwenye shina lile lile mliloandika mtu asijifunge. Akakata kipande cha urefu wa mita moja hivi, kipenyo nusu mita. Mwembe mbichi wa kiasi hicho haukosi kilo 150. Na kamba waliipitisha kwenye panda ya mti huo huo uliooza! Gogo likaporomoka, kamba ikalikamata kwa ghafla, na uzito unaokamatwa hivyo huvuta mara kadhaa ya ule uliotulia. Panda ikapasuka. Gogo likaingia jikoni, ambako mama alikuwa ametoka muda huo huo kufuata chumvi ndani. Shina likayumba na kijana kafungwa nalo, anapiga kelele, "Mama yangu wee!"

Msimamizi wenu alikuwa uchochoroni, simu sikioni. Alipoingia hakutazama juu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama: "Bibi, malizia hela kwanza." Mama akamjibu, "Mwanangu, mteremshe kwanza mwenzio." Msimamizi akacheka. Alicheka, na kijana bado yuko juu! Waliomteremsha ni majirani zetu, kwa ngazi ya fundi rangi.

Nilikusudia kuomba mawili tu: mnirudishie malipo yangu na mliezeke jiko. Ninavyoandika naona hayatoshi. Ukuta wa jirani umepata ufa, na ufa huo ni wenu. Shina lililobaki ni refu kupita paa, na kwa kuwa mmelipunguza upande mmoja, sasa limeelemea chumba cha mama. Masika yamekaribia, mama analala kwa jirani. Watu wenu siwataki tena uani kwangu, hivyo mtalipia wakataji nitakaowachagua mimi, pamoja na jukwaa. Msimamizi yule aje amwombe mama radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, avue kofia.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, picha za kandambili, mkanda na ile kamba nazipeleka OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, pamoja na karatasi yenye mwandiko wa mkaguzi wenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Baada ya hapo tutaonana mahakamani, na huko nitadai zaidi ya haya.

Msimamizi wenu angali ananipigia simu kudai nusu ya pili. Mwambieni aache.

Wako,
Mteja wenu wa Ngamiani, Tanga

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Wakili wangu