Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: "Una Miaka Mingapi?"

Ndugu wanachama wenzangu,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba deni la viti vya kukodi tumelimaliza, na mashine ya pili ya kupima presha tumeinunua pamoja na mkanda mpana kwa wenye mikono minene. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, unasoma presha juu kuliko ilivyo. Kuna watu hapa wamemeza vidonge kwa sababu ya mkanda.

Muda wangu uliobaki ni wa jambo moja: jinsi umri unavyotuficha ugonjwa wa moyo na presha. Katika zahanati na vituo vya afya tulivyotembelea mwaka huu hapa Dar es Salaam, swali la kwanza kwa mgonjwa lilikuwa lile lile: una miaka mingapi? Swali si baya. Tatizo ni pale jibu linapofunga mazungumzo. Ukisema sabini, huo ni uzee. Ukisema kumi na tisa, basi una mawazo, au vidonda vya tumbo.

Mwezi wa sita nilimsindikiza binti wa mwenzetu mmoja kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Usiku alikuwa hawezi kulala chali, anaegemea mito mitatu. Ngazi za hosteli alikuwa anazipanda kwa vituo. Mganga alimsikiliza kwa adabu, akamwandikia dawa ya tumbo. Stethoskopu ilikuwa shingoni mwake muda wote, haikushuka. Nikamuuliza kama hatamsikiliza moyo. Akacheka kidogo: "Mzee, moyo kwa umri huu?"

Tulipofika hospitali kubwa, kipimo cha eko, kile cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha valvu imeharibika, yaani mlango wa ndani ya moyo unaopitisha damu. Ugonjwa huu, unaoitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki, kwa kawaida hauanzi ukubwani. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anapata mafindofindo ya bakteria, hayatibiwi sawasawa, homa inafuata, viungo vinauma na kuvimba, halafu kila mtu anasahau. Valvu inaendelea kukakamaa kimya kimya. Ukigunduliwa mapema, kinachomlinda ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo si ya hospitali ya rufaa, inachomwa zahanati. Na hapo tunawapoteza wengi, kwa sababu mtoto akishakua anahamishwa kliniki ya watu wazima, hakuna anayemjua huko, kadi inabaki kabatini kwa mama.

Simtupii yule mganga mzigo wote. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, za kukadiria hatari ya mtu kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, zinaanzia miaka 40 na kuishia 74. Zina kazi yake, sizipingi. Ila anayezichukulia kama mpaka wa ugonjwa wenyewe atawaacha nje vijana wetu na wazee wetu kwa mkupuo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Huyo ni mtu wa kazini, ana watoto wa shule. Wakati wa kumkamata ulikuwa alipokuwa na thelathini na tano, alipokwenda zahanati kwa malaria na hakuna aliyemfunga mkanda.

Na mama aliyejifungua akivimba miguu na kuishiwa pumzi asiambiwe ni uchovu wa kulea. Moyo unaweza kutanuka mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua.

Sasa sisi wenye mvi. Kibao cha "Mpishe mzee apate huduma" kipo, dirisha la wazee lipo, tunashukuru. Lakini mara nyingi tunapishwa kwenye foleni kisha tunapitishwa haraka haraka. Mzee anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kushika kifua: anahema, anatoka jasho, au anachanganyikiwa tu na kuita watu majina yasiyo yao. Nyumbani wanasema mzee ameanza.

Wapo wanaosema mtu wa miaka 80 aachwe na presha yake. Hapana. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya majaribio kwa watu 3,845 wa miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa, wakilengwa kushushwa namba ya juu ya presha hadi 150, walikufa wachache kwa asilimia 21 kuliko wasiopewa. Lakini dawa ya mzee inataka jicho. Mimi mwenyewe niliongezewa kidonge, wiki ya pili nikaanguka bafuni. Miaka yote ile nilikuwa napimwa nikiwa nimekaa. Nilipopimwa nimesimama, namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 20. Ilitosha kupunguza dozi.

Kamati imeandika barua kwa waganga wafawidhi wa vituo vyetu kuomba wazee wapimwe pia wakiwa wamesimama, na kijana anayelalamika pumzi asikilizwe moyo kabla ya kuandikiwa chochote. Vituo viwili vimejibu. Vingine tunavifuata kwa miguu.

Kabla hatujawanyooshea kidole, kuna aibu yetu. Katiba ya chama, kifungu cha uanachama, inasema mwanachama awe na miaka 40 na kuendelea. Niliitia saini mimi. Yule binti alipoomba fomu, katibu alimrudisha, na kwa karatasi hakukosea. Kamati inaomba leo mfute umri kwenye kifungu hicho. Mtapiga kura baada ya mweka hazina.

Waliokuja na mifuko ya dawa kama tulivyoombana, nesi yupo meza ya pembeni karibu na mlango. Toeni zote, hata zile za kuazima kwa jirani. Atawapima mmekaa, halafu mmesimama. Wazee waanze, na ninyi vijana mlioketi nyuma kwa sababu mmewaleta wazazi tu, mikono yenu pia inahitajika.