Ziara kwanza, mhadhara baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu ratiba za vikundi vya historia ya mahali hapa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, maana ratiba ndiyo inayoua vingi. Mazoea ni mhadhara mwezi huu, mwingine mwezi ujao, kisha ziara moja kubwa Desemba watu wakiwa likizo. Mtoa mada anaeleza habari za Kageye, kijiji cha kale cha ufukweni wilayani Magu, mbele ya watu ambao hawajawahi kufika Kageye. Wanasikiliza kwa adabu, wanapiga makofi, na swali pekee linaloulizwa ni soda zinagawiwa saa ngapi.

Sisi tunashauri kinyume. Ziara itangulie, na mhadhara kuhusu mahali palepale ufuate baada ya wiki mbili. Mtu aliyekwisha kusimama mahali huja na swali lake mkononi. Tena katika wiki mbili hizo habari hutembea mtaani: mzee akisikia kwamba kuna watu walikuja kulitazama jengo fulani, hufungua sanduku akatoa picha ambazo barua ya mwaliko isingezitoa kamwe.

Mfano mmoja uko katikati ya jiji. Mnara wa saa una maandishi yanayosema kwamba Speke, msafiri Mwingereza, aligundua maji makuu ya ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akiwa juu ya mlima Isamilo, maili moja kutoka hapo. Ukiyasoma ukumbini hayana ubishi. Wapandishe watu Isamilo, ubishi unaanza wenyewe. Speke aliandika kwamba maji aliyaona kwanza tarehe 30 Julai, yaani mkono mwembamba tunaouita Ghuba ya Mwanza, na kwamba tarehe 3 Agosti alipanda kilima alichokipa jina la Somerset ndipo akaona maji mapana. Je, Somerset ndiyo Isamilo? Kila mmoja achukue dira, aandike anaona nini upande gani, kisha alinganishe na maelezo ya msafiri huyo. Burton, mkuu wa msafara wao, alikuwa amebaki Kazeh, yaani Tabora, akiumwa. Aliyekuwa na Speke ni Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, na waliowapokea Mwanza ni mtemi Mahaya na mfanyabiashara Mwarabu, Mansur bin Salim. Neno "aligundua" mhadhara utalikuta limeshachokonolewa na kila aliyepanda mlima, kwa sababu watu wa Mahaya walikuwa wakivua humo siku zote.

Kupanda kwenyewe kuna masharti. Muanze saa 12:30 asubuhi, kabla mawe hayajashika moto na kabla ukungu wa mchana haujafunika visiwa. Kila mtu awe na maji lita moja na nusu na viatu vyenye soli ya mpira. Kandambili ni marufuku, kwani jiwe letu lenye ukoga huteleza kama sabuni likinyeshewa. Watu kumi kwa kiongozi mmoja. Mlima una nyumba pande zote, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, la sivyo mtashinda mkijieleza getini kwa watu. Mkiwa na wanafunzi, bebeni jiko dogo na kipimajoto. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Ndivyo wasafiri wa enzi zile walivyokadiria urefu wa mahali, na mtoto aliyeona hilo kwa macho hatalisahau.

Kageye inahitaji maandalizi zaidi. Msafiri Henry Stanley alifika huko tarehe 27 Februari 1875, baada ya kuondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, mashua yake Lady Alice ikibebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi. Tarehe 8 Machi aliishusha majini kulizunguka ziwa. Aliporudi mwezi Mei alikuta mwenzake Frederick Barker amefariki tarehe 23 Aprili. Kaburi lake liko huko. Wageni wengi hupiga picha kaburi hilo wakaondoka, na hapo ndipo ziara inapoharibika, maana Kageye ilikuwa kituo cha misafara na wenyeji wana masimulizi yao kuhusu nani alipita, nani alipitishwa amefungwa, na nani alibaki. Tengeni saa mbili nzima za kukaa na wazee kivulini, na kaburi lipewe nusu saa.

Barua ifike kwa mtendaji wa kijiji wiki mbili kabla, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ikitaja idadi ya watu, saa ya kufika na kama mtarekodi. Gharama ya koasta igawanywe kwa watu 20 hata kama ina viti karibu 30, kwa sababu katika kila kumi waliojiandikisha wawili au watatu hawatatokea asubuhi ile. Mkigawa kwa viti vyote, mweka hazina atalipa kutoka mfukoni, na mweka hazina aliyelipa mara mbili hujiuzulu. Machi hadi Mei muache barabara za vumbi. Miezi hiyo mfanye ya mjini: stesheni ya reli iliyofikia Mwanza mwaka 1928, majengo ya Wajerumani yaliyobaki, mitaa ya maduka ya zamani. Ukerewe na safari nyingine za majini ni Juni hadi Septemba, asubuhi, upepo wa mchana ukiwa haujaanza kusukuma mawimbi, na kila abiria avae jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga. Jaketi lililo chini ya benchi halimsaidii mtu.

Bujora ni somo peke yake. Makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa yana viti vya watemi, ngoma na vifaa vya waganga, na padre David Clement aliyeyaanzisha alijenga kanisa kwa umbo na alama za Kisukuma. Kosa la kawaida ni kupanga ziara ya utulivu katika majuma ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Sikukuu hiyo hufuata Ekaristi Takatifu, ambayo huangukia siku 60 baada ya Pasaka, kwa hiyo husogea kila mwaka. Ulizeni parokiani kabla ya kuchapa ratiba. Majuma hayo nendeni kuangalia vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana, ila msitegemee mhudumu wa makumbusho apate muda wa kuwaeleza kiti hiki kilikuwa cha nani. Kwa hilo rudini Agosti.

Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, tunasema machache. Siku ya kumbukumbu nendeni kuomboleza pamoja na wafiwa, simu ikiwa mfukoni. Anayetaka kuhoji manusura aombe siku nyingine, nyumbani kwa mhusika, na akikataliwa asirudie.

Kuhusu mhadhara wenyewe: dakika 40 za mtoa mada, 40 za watu. Projekta isitegemewe, picha kumi zichapwe kwa ukubwa wa A3 na zipite mkono kwa mkono, maana umeme ukikatika mjadala hauvunjiki, na wazee huona vizuri zaidi kitu walichokishika. Picha za ufukweni ziangaliwe kwa uangalifu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 likafikia tena kimo cha wakati ule. Picha ya mwaka 1955 inayoonyesha mchanga na mitumbwi mahali ambapo leo ni maji si lazima iwe imeandikwa jina la mahali kimakosa. Tafuteni mawe makubwa yaliyo nyuma, hayo hayahami. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na mjini, likionekana hata kwa sehemu, mpiga picha alisimama wapi mtalijua kwa dakika kumi.

Miaka nayo ina njia yake. Mzee ukimwuliza "ilikuwa mwaka gani?" atakutajia mwaka ili akuridhishe. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya nini: reli kufika, ziwa kujaa, Uhuru, Operesheni Vijiji ya 1974, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba. Kisha uliza yeye alikuwa darasa la ngapi, au mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa au anakimbia. Majibu matatu ya namna hiyo yakikubaliana, mwaka umeupata. Unaporekodi, simu iwekwe kwenye hali ya ndege, ifunikwe kitambaa chepesi upepo wa ziwa usivume ndani, ilazwe juu ya kanga na si juu ya meza tupu. Sauti ya kwanza itaje tarehe, mahali, jina la msimulizi na ridhaa yake. Jioni hiyohiyo nakala mbili zihifadhiwe kwa watu wawili tofauti. Simu huibiwa, simu huanguka ziwani.

Anayeandaa mada kutoka kwenye nyaraka akumbuke tahajia. Wajerumani waliandika Muansa, Speke aliandika Muanza, Stanley aliandika Kagehyi. Anayetafuta "Mwanza" na "Kageye" tu katika orodha za mafaili atatoka mikono mitupu akidhani hakuna kitu.

Jambo la sheria ni fupi lakini zito. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kituo cha Wajerumani Mwanza kilianza miaka ya 1890, kwa hiyo karibu kila jengo tunalolionyesha wageni hulindwa pale tu litakapotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali. Kila ziara ya mjini basi irudi na karatasi moja kwa kila jengo: mahali, vipimo vya upande wa mbele, aina ya paa, nyufa, na picha nne, moja kila upande. Karatasi hizo zikipelekwa halmashauri zina uzito kuliko malalamiko baada ya ukuta kuangushwa.

Mwisho, Mhariri, gazeti lako likitusaidia kutangaza ziara, tunaomba saa ziandikwe kwa Kiswahili na neno asubuhi au mchana liwepo. Tangazo linalosema "7:00" huwaleta nusu ya watu saa moja asubuhi, na nusu nyingine saa saba mchana, koasta ikiwa imeshafika Magu.

Wapenda historia,
Mwanza