Kidoa chako cha shavuni

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na picha ya ile chupa ya vidonge, na tangu jana usiku roho haijatulia. Waniambia muuzaji kakuapia kwamba vinazuia seli zisizeeke. Vikiwa vya uongo, umepoteza pesa tu. Hofu yangu mimi ni vikiwa vya kweli.

Mwaka 1961, kule Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walizikuza seli za binadamu kwenye vyombo vya kioo. Ziligawanyika kama mara 50, kisha basi: zi hai, lakini hazizai tena; huko ndiko kuzeeka kwa seli. Baadaye sababu moja ikajulikana. Ncha za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, zina telomea, mfano wa pindo la leso, na kila seli ikigawanyika pindo hulika kidogo. Likibaki fupi mno, protini ya p53 huisimamisha seli. Kuna kimeng'enya, telomerezi, kinacholishona pindo upya; ndicho hicho ulichotajiwa kwenye chupa. Seli zetu nyingi zimekizima. Kansa zaidi ya nane katika kila kumi zimekiwasha.

Sasa jishike shavu. Kile kidoa cheusi kilichokutoka tukiwa madrasa, nyanya yako akakiita cha urembo, unakikumbuka? Vidoa vingi vya namna ile huanza pale seli ya rangi ya ngozi inapopata kasoro katika jeni ya BRAF, kasoro ile ile inayokutwa katika takriban nusu ya kansa za ngozi ziitwazo melanoma. Seli huanza kuzaana kwa kasi. Kisha husimama, wala pindo lake halijaisha: seli yenyewe imehisi kwamba inasukumwa kupita kiasi, ikajizeesha. Watafiti wa Uholanzi walilionyesha hilo mwaka 2005. Yaani miaka yote hii, Zuhura, shavuni mwako pana kitu ambacho kingeweza kuwa kansa, na uzee wa seli ndio uliokizuia. Nikikifikiria hicho kidoa nashukuru kwa niaba yako.

Sikufichi upande wa pili. Seli zilizosimama zikirundikana uzeeni hutoa kemikali zinazoleta uvimbe na kuziharibu seli jirani, hata kuilisha kansa. Kwa hiyo wapo wanasayansi wanaotafuta dawa za kuziondoa, kazi ambayo kinga ya mwili huifanya vizuri zaidi ujanani. Lakini kuziondoa ni jambo moja, na kuzirudisha kwenye kuzaana ni jambo jingine kabisa. Muuzaji wako kayachanganya.

Kidoa kikibadilika rangi, kikitanuka au kikitoka damu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Chupa usiifungue. Jumamosi naja Malindi na matatu ya asubuhi, nakuletea mahamri ya mama. Weka risiti tayari, twende kwake pamoja akurudishie pesa zako.

Wako,
Mwanamkuu