Mume wangu anasema watoto wa wenzangu nawaweza, wangu amenishinda

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia sijapata usingizi, kwa hiyo uniwie radhi nikirukaruka. Mtoto wetu ana miaka 3 na miezi kadhaa, ameanza chekechea muhula huu, na kila asubuhi ni vita. Hilo peke yake lisingenitoa kitandani usiku wa manane. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa chekechea, kilio cha mlangoni nakijua. Kilichonikaa kooni ni kauli ya mume wangu: "Watoto wa wenzako unawaweza, wako amekushinda." Na aliisema mbele ya mama yake.

Kabla hujafikiri kwamba labda mtoto hakuandaliwa, aliandaliwa. Wiki chache kabla, alianza kulazwa mapema, dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku ukihesabu na ule wa mchana, na asiyelala vya kutosha huamka na kilio tayari kiko karibu. Alizoeshwa suruali ya lastiki isiyo na kifungo wala zipu, viatu vya kubandika visivyo na kamba, na kufungua chombo chake cha chakula mwenyewe, maana anayeshindwa kukifungua hukaa na njaa kimya kimya huku mwalimu akihangaika na wengine. Mkobani kuna chupi mbili, suruali, soksi na mfuko wa plastiki wa kutilia zilizolowa. Jina limeandikwa kwa ndani ya kila nguo. Shule ninayofundisha nilikataa asiende, na kwa hilo pia nililaumiwa. Lakini mtoto akiwa shule moja na mama yake, akisikia tu sauti ya mama darasa la jirani, anaacha kila kitu na kukimbilia huko. Nimeyaona hayo kwa wenzangu.

Tena niliomba shule ituruhusu kumzoesha polepole. Upo utaratibu uliotokea Berlin, unaotumika sana Ujerumani: siku 3 za mwanzo mzazi anakaa na mtoto darasani kama saa moja hivi, pembeni, hamchezeshi wala hamsukumi aende kwa wenzake, na hatoki kabisa. Siku ya 4 anaaga, anatoka, anakaa karibu, na kutengana kwenyewe hakuzidi dakika 30. Mtoto akilia kisha akakubali kubembelezwa na mwalimu, muda unaongezwa siku zinazofuata. Akikataa, mzazi anarudi mara moja na safari inakuwa ya wiki 2 au 3. Shule walikubali. Siku ya kutengana ilipofika zamu ilikuwa ya mume wangu, naye akatumia anachokiita njia fupi. Alisubiri mtoto ainamie vitofali vya kujengea, akatoka bila kuaga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza. Mtoto anayetorokwa akiwa anacheza anajifunza jambo moja, kwamba akicheza mtu wake anapotea. Ukimtazama wetu sasa utaliona mwenyewe. Akifika darasani hakai. Anasimama na mkoba mgongoni, mkono mmoja umekamata kamba ya mkoba, wa pili umekamata nguo ya aliyemleta, na vile vitofali alivyokuwa akivipenda havigusi. Akipewa kigari anakipokea bila kukitazama, macho yako mlangoni. Analinda mlango, Shangazi. Na akiendelea kuulinda hawezi kucheza, na asipocheza hana kitu cha kumtuliza, basi anarudi kwenye kilio.

Kwa mume wangu hesabu ni nyepesi: akimpeleka yeye mtoto halii, nikimpeleka mimi analia, kwa hiyo tatizo ni mimi. Lakini yeye kilio hakisikii kwa kuwa ameshaondoka! Mwalimu wake aliniambia faraghani kwamba siku za baba mtoto hulia akishagundua, humtafuta mpaka nyuma ya mapazia, na humchukua muda mrefu zaidi kutulia kuliko siku anapoagwa, akalia, akabebwa. Mume wangu sijamwambia. Nikimwambia atasema namtafutia makosa, au ataenda kumfokea mwalimu, na huyo ndiye mtu pekee pale ambaye mtoto ameanza kumzoea.

Mimi naaga kama ninavyowaelekeza wazazi wa darasa langu. Maneno yale yale kila siku, kukumbatiana mara moja, kumkabidhi mtoto mikononi mwa mwalimu mmoja na si kumwacha katikati ya chumba, na kuondoka ndani ya dakika 2. Mtoto haambiwi nitarudi saa ngapi, maana saa haijui. Anaambiwa "mkishakula na kulala, nakuja", na anayemfuata afike wakati huo huo kweli. Kurudi kuchungulia dirishani ni marufuku, kwa sababu mtoto akikuona mara ya pili anaanza upya na kwa nguvu zaidi. Wengi hutulia dakika chache baada ya mzazi kuondoka. Haya yote nayajua, na nayafanya. Kisha nafika kazini, napokea watoto wa watu, nawafuta machozi na kamasi, wananitulia begani, na wakati huo huo nasikia: wako amekushinda.

Mama mkwe naye amepata ushahidi wake. Mtoto alikwisha acha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, basi shule imemharibu, abaki naye nyumbani mwaka mmoja zaidi. Namheshimu mama, lakini mtoto akikabiliwa na jambo jipya zito, alilolimudu karibuni ndilo huachia kwanza. Mwingine hurudia kunyonya kidole, mwingine kuongea kitoto. Kwa wetu kuna na choo chenyewe. Kile cha shule kina kiti cha watu wazima, tundu lake ni pana, miguu inaning'inia hewani, na maji yakivutwa yananguruma. Kwa hiyo anabana tangu asubuhi, anafika nyumbani, na akiinamiwa kuvuliwa viatu tu anajilowesha hapo hapo mlangoni. Mtoto anayezoea kubana hivi huishia pia kupata choo kigumu, kikimuuma siku moja anazidi kubana, na hapo ndipo matatizo huwa marefu. Kinachosaidia si kigumu kupatikana: kigoda cha kukanyagia, kiti kidogo cha kuweka juu ya kile kikubwa, apelekwe kwa saa maalumu bila kuulizwa kama amebanwa kwa sababu atasema hapana, na maji yavutwe akishatoka. Nilipoyaeleza haya mume wangu alisema hapa si darasani.

Jioni ndiyo inaniumiza kuliko asubuhi. Baba yake akienda kumchukua, anamkimbilia anacheka. Nikienda mimi anageuza uso, anajitupa chini, pengine ananipiga. Sababu naijua. Mtoto amejizuia siku nzima mbele ya watu asiowazoea, na anapomwona anayemwamini anafungulia yote. Ndiyo maana jioni hapewi maswali ya "leo mmefanya nini", anapewa maji na chakula kwanza, anaachwa kimya, na baada ya muda huja mwenyewe kunipandia mapajani. Lakini Mary Ainsworth, aliyewachunguza kina mama na watoto wao Uganda miaka ya 1950, baadaye alionyesha kwamba la kutazama sana ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi, zaidi ya kilio cha kuachana. Kwa hiyo kilio sikiogopi. Naogopa ule uso uliogeuzwa. Wakati mwingine nafikiri ananiadhibu mimi kwa sababu mimi ndiye ninayemwambia ukweli kwamba naondoka, na baba aliyemtoroka ndiye anayechekewa. Niambie kama nafikiri vibaya.

Sitaki atolewe shule. Kumtoa sasa, katikati ya kulia, ni kumthibitishia kwamba pale kweli pana hatari, na akirudishwa mwakani tutaanza moja na mtoto mkubwa zaidi, mwenye kumbukumbu zaidi. Hata hivyo usiku huu nimeandika ujumbe kwa shule kwamba hatarudi. Upo kwenye simu, sijautuma. Nikimwangalia alivyolala natamani tu abaki nami, halafu nakumbuka kwamba nikimbakiza itakuwa mama mkwe ameshinda na yale maneno yatakuwa kweli.

Yapo mengine mawili nakuomba unishauri. Mtoto hutulia upesi akipelekwa na mtu mmoja yule yule kila siku, kwa hiyo najiuliza kama nimwachie mume wangu kazi hiyo yote, mimi nikae kando, hata kama itaonekana nimekubali nimeshindwa. Lakini nikimwachia bila sharti la kumuaga mtoto, tutakuwa tumemtengenezea mlinzi wa mlango mpaka darasa la kwanza. Sasa sharti hilo nitaliwekaje kwa mtu aliyeniambia maneno yale, bila kumtaja mwalimu, na bila kuonekana namfundisha? Anachotakiwa kusema ni sentensi moja tu: "Baba anakwenda kazini, mkishakula na kulala nakuja." Ni sentensi moja tu, Shangazi, na siwezi kumwomba.

Tafadhali usiniambie nivumilie kwa kuwa watoto huzoea. Hilo ndilo ninalowaambia wazazi kila mwanzo wa muhula. Ukiweza nijibu kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ni zamu yake, na baada ya siku 2 za kukaa nyumbani huwa ndiyo asubuhi ngumu kuliko zote.

Mama Mwalimu